Picha ipo, sauti haipo: TVZ kwenye kompyuta

Fundi yeyote aliyeshika TV Zanzibar zama za analojia aliisikia kauli hii mpaka akaichoka: "Fundi, picha ipo, sauti haipo." Mteja kanunua seti Dar es Salaam, au kaletewa na nduguye wa Dubai. Kapandisha antena juu ya bati, katafuta TVZ, stesheni ya Televisheni Zanzibar, picha imetulia na rangi zote zimo. Msomaji wa habari anafungua mdomo na kuufumba, lakini spika inatoa mvumo mtupu. Seti ile ile ukiivusha Dar inasema kama kawaida. Nimewaona watu waliokwishagombana na muuza duka kabla ya kufika kwangu, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwongo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Televisheni Zanzibar ilianza miaka ya mwanzo ya 1970, na ilianza na rangi moja kwa moja. Bara walisubiri mpaka 1994. Kila upande ukawa na mfumo wake wa kurusha matangazo. Bara, kama Kenya, walikwenda na B/G. Sisi tulikuwa tumeshakaa kwenye mfumo I, ule wa Uingereza, Ireland, Hong Kong na Afrika Kusini. Mifumo yote miwili inatumia PAL, mpango mmoja wa rangi, mistari 625, picha 25 kwa sekunde, na ndiyo maana picha haisumbui. Kinachotofautiana ni mahali sauti inapokaa. Kwenye B/G wimbi la sauti liko megahezi 5.5 juu ya wimbi la picha. Kwenye I liko megahezi 6 juu yake. Wachina na mfumo wao wa D/K wako 6.5, Wamarekani 4.5. Ni nusu megahezi tu baina yetu na Bara, na inatosha kuifanya seti iwe bubu.

Dawa yake kwenye seti za zamani ilikuwa ya mkono. Unafungua mgongo wa TV, unahakikisha kioo kimemaliza chaji yake, kisha unatafuta kichujio cha seramiki chenye miguu mitatu kilichoandikwa 5.5. Unayeyusha risasi, unakitoa, unapachika cha 6.0. Halafu unaanza kugeuza kiini cha koili iliyo jirani yake, taratibu, kwa bisibisi ya plastiki, mpaka sauti inyooke. Ukitumia bisibisi ya chuma sauti itanyooka vilevile, ila ukiiondoa tu inakimbia tena, na utakesha. Vichujio vya 6.0 vilikuwa adimu. Vingi tulivitoa kwenye seti za Kiingereza zilizokwishakufa. Aliyekosa alitengeneza kibao kidogo chenye kitetemeshi cha kilohezi 500, kinachochanganya ile 6.0 na kuitoa ikiwa 5.5. Mimi nilivipenda vibao vile kuliko kubadilisha kichujio, kwa sababu seti ilibaki inasikia huku na kule. Ukimbadilishia mtu kichujio, umemfungia mlango wa pili.

Baadaye zikaja seti za mifumo mingi, zenye menyu ya sauti unayochagua BG, I au DK kwa rimoti, na kazi ile ikafa yenyewe. Nikahamia kwenye kompyuta.

Desemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme Unguja uliharibika na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Duka langu lilikuwa Mlandege, na jenereta ilikuwa inakula kila shilingi iliyoingia. Pemba wakati ule haikuwa imeunganishwa na gridi ya Bara, ilikuwa na majenereta yake ya Wesha, kwa hiyo balaa la Unguja halikuifika. Nikafunga vifaa kwenye maboksi, nikashuka Mkoani, na binamu yangu akanipa chumba cha mbele cha nyumba yake Chake Chake. Umeme wa Unguja uliporudi, nilikuwa nimeshapata wateja ambao sikutaka kuwaacha.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa skuli ya pale pale mjini. Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Rais Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Novemba 2009, na kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilikuwa inakuja, Julai 31, 2010. Kila baraza ya kahawa mazungumzo ni hayo hayo. Mzee akaniletea kompyuta ya mtumba na kadi ya TV ambayo mwanawe alimnunulia Dubai.

"Mwanangu, mimi sitaki sinema," akaniambia. "Nataka yasemwayo Baraza la Wawakilishi yawe kwenye diski yangu, yote. Kesho mtu asije akaniambia hakusema."

"Inshaallah, Maalim. Niachie."

Programu iliyokuja na kadi ile ilianza kwa kuuliza uko nchi gani. Ukichagua Tanzania, TVZ inatoka bila sauti. Ukichagua Afrika Kusini, sauti inakuja, lakini kurikodi kunakufa katikati na faili halifunguki. Niseme wazi kwamba sijawahi kuipenda menyu ile ya nchi, na kadi nyingi zilikuwa nayo. Anayeitunga anaamini kwamba mawimbi yanafuata mipaka ya pasipoti. Zama hizo za analojia ukisimama Chake na antena ndefu ulipata Zanzibar kwa mfumo I, na upepo ukiwa mzuri ulipata Tanga na hata Mombasa kwa B/G. Sasa hapo ungechagua nchi ipi?

Nikaiweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mfumo endeshi wa bure. Nilikuwa na zile CD zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta, na kadi yenyewe ilikuwa na chipu ya Bt878, ambayo Linux imeijua miaka mingi. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikaitambua mara moja. Programu ya kutafuta stesheni ikaleta stesheni za ajabu: kwenye megahezi 189.25 ilisimama na kusema imepata kitu, nami naona chenga tupu zenye michirizi inayocheza. Kwenye TVZ penyewe haikusimama kabisa.

Hili la kutafuta stesheni nalieleza kwa sababu limewapotezea wengi muda wao. Orodha ya masafa ya Ulaya Magharibi inahesabu VHF kwa hatua za megahezi 7: 175.25, 182.25, 189.25 na kuendelea. Mfumo I kwenye VHF ya Afrika unakwenda kwa hatua za 8: 175.25, 183.25, 191.25. Chukua 183.25 kama mfano wa hesabu. Orodha ya Ulaya inaipita megahezi nzima kwa chini, kisha inatua 189.25, na 183.25 ukijumlisha 6 ni 189.25 hasa. Yaani mashine ilikuwa imelikamata wimbi la sauti ikilidhani ni picha. Nikabadilisha orodha, nikaweka ile ya Afrika Kusini, na TVZ ikaja mahali pake, picha safi sana. Sauti hakuna.

Kwanza nilitaka kujua sauti inapotelea wapi. Kwenye kadi za namna hii sauti haipiti pamoja na picha. Inatoka kwa waya mfupi kutoka kadi ya TV kwenda kwenye kadi ya sauti, na waya ule ukilegea unaweza kuirekebisha draiva, ile programu inayoiendesha kadi, mpaka uzeeke. Niliugusa mguu wa waya kwa kidole, spika ikanguruma. Njia iko wazi. Nikasikiliza vizuri ule mvumo wenyewe na nikaona unabadilika na picha: yakitokea maandishi meupe makubwa chini ya kioo unapanda, picha ikiwa ya giza unashuka. Huo si mvumo wa kitu kilichokatika. Kitu kinachosikiliza kiko hai, ila kimesimama pasipo sauti, kinasikia picha.

Palikuwa na redio ya mkono ya Kichina pale kwa binamu yangu, zile zenye bendi za TV na kioo kinachoonesha namba. Nikaishika mkononi huku TVZ iko kwenye kioo. Nikaipeleka megahezi 5.5 juu ya wimbi la picha: mvumo ule ule. Nikasogeza polepole mpaka 6 juu: msomaji wa habari huyo, neno kwa neno na midomo yake. Redio ya bei ya chee, na ndiyo iliyonipa jibu ambalo hakuna menyu ya nchi ingenipa. Tangu hapo, mpaka analojia ilipozimwa, fundi akiniuliza "eneo fulani ni mfumo gani?" nilimwambia aende na redio akasikilize, asitafute kwenye orodha.

Baada ya hapo nikaiambia draiva iandike kila inachofanya. Kwenye kadi ile kazi ya kuitoa sauti kwenye wimbi ilikuwa ya chipu ya TDA9887, inayokaa ndani ya kile kiboksi cha bati cha tyuna, sehemu inayokamata stesheni. Nikaitia amri ya kuweka PAL-I, `v4l2-ctl -s pal-I`, amri ikapita bila kulalamika, nikafungua kumbukumbu za kerneli, na pale pameandikwa imejipanga kwa PAL-BG. Nimeomba I, nimepewa BG, na hakuna aliyesema kitu.

Kufuatilia hilo kulinikalisha usiku kadhaa, na ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Kwenye V4L2, ambao ndio mpango wa Linux wa mambo ya video, kila mfumo una biti yake, yaani alama yake moja ya 0 au 1: PAL-B, PAL-G, PAL-I, PAL-D, PAL-K, kila mmoja na yake. Halafu kuna jina moja la jumla, PAL, ambalo ni mkusanyiko wa biti hizo. Ombi langu la PAL-I lilikuwa linafika kwenye draiva ya kadi likiwa zima. Draiva inatazama jedwali lake kutafuta mstari unaolingana, na jedwali lina mstari mmoja tu wa "PAL" uliobeba aina zote pamoja. Inalingana, sawa. Kwa hesabu za draiva hiyo hakuna kosa, kwa sababu yenyewe inashughulika na picha, na picha ya I na ya BG ina mistari ile ile. Tatizo ni kwamba ilipoipelekea tyuna habari, haikupeleka nilichoomba. Ilipeleka ule mstari wa jedwali, mkusanyiko mzima. Tyuna nayo ina jedwali lake, inalisoma kutoka juu kushuka chini na kuchukua mstari wa kwanza unaogusana na ilichopewa. Mstari wa kwanza ni PAL-BG.

Nikafungua lile jedwali la TDA9887 nikaweka mistari miwili sambamba, BG na I. Kuna rejista tatu, yaani sehemu za chipu zinazoshika mipangilio yake: B, C na E. B sawa sawa. C sawa sawa. Kwenye E masafa ya kati ya picha, yale ambayo tyuna huigeuzia kila stesheni, ni yale yale, megahezi 38.9, na tofauti ni biti mbili za mwisho: 01 kwa megahezi 5.5, 10 kwa megahezi 6. Kichujio chote kile tulichokuwa tukikiyeyushia risasi kimekuwa biti mbili.

Iko njia ya mkato, na ndiyo niliyoijaribu kwanza. Moduli ya tyuna inakubali kigezo cha `pal=i`: ikipewa mkusanyiko wa PAL bila maelezo, inaufanya kuwa I. Unaandika mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, unaiwasha upya kompyuta, TVZ inasema. Kwa mtu wa mjini Unguja anayetazama TVZ peke yake ningemwachia hapo hapo, nikachukua hela yangu. Lakini Maalim alikuja kujaribu, akafurahi, kisha akaomba aone na stesheni ya Tanga. Bubu. Kigezo kile ni cha mashine nzima, kila stesheni inalazimishwa I, na mlango wa pili umefungwa kama zamani.

Kwa hiyo ilibidi draiva yenyewe iguswe. Marekebisho hayakuwa makubwa. Nikaongeza mahali pa kuhifadhi mfumo kama ulivyoombwa, na pale inapoizungumzisha tyuna nikaifanya ipeleke kilichohifadhiwa badala ya mstari wa jedwali. Jedwali likabaki na kazi yake ya kupima mistari na ukubwa wa picha. Nikaongeza pia PAL-BG, PAL-I na PAL-DK kwenye orodha ya mifumo ambayo draiva inaitangaza, kwa sababu programu za kutazamia zinamwonesha mtumiaji kile tu ambacho draiva imekitangaza. Ikitangaza "PAL" peke yake, mtumiaji hana pa kubofya. Kukompaili kerneli, yaani kuijenga upya kutoka kwenye maandishi yake, kwenye mashine ile ya mtumba ilikuwa ni kuiwasha, kwenda kuswali, kula, kulala na kuiombea umeme usikatike.

Mara ya kwanza nilipoijaribu haikutoa sauti, na jambo lenyewe lilikuwa dogo. Programu ya kutazamia, kila inapofungua kadi, inaanza kwa kuiweka kwenye PAL ya jumla. Ninachokiweka kwa amri kinafutwa pale pale dirisha linapofunguka. Nikaandika hati fupi ya amri inayobadilisha stesheni: kwanza inaweka mfumo, ndipo inaweka masafa. Kila stesheni ikawa na mstari wake wenye jina, mfumo na namba ya masafa. Hapo kwenye namba angalia, V4L2 inahesabu masafa ya TV kwa vipande vya kilohezi 62.5, yaani unazidisha megahezi kwa 16, 183.25 inaandikwa 2932. Ukiiandika 183 ukitegemea ielewe, itakupeleka kusiko.

TVZ ikasema. Tanga ikasema. Mombasa ilisema siku za joto ambapo bahari imetulia, siku nyingine chenga. Maalim akakaa kwenye kiti cha plastiki akabadilisha stesheni huku na huku bila kusema neno, halafu akauliza swali la mwalimu: "Na hii itajua vipi kama wale wa Tanga wakibadilisha mfumo wao?"

"Haitajua, Maalim. Utanipigia simu."

"Basi niandikie kwenye karatasi niibadilishe mwenyewe."

Nikamwandikia. Alirikodi mpaka baada ya kura ya maoni, akaja na diski ya pili, kisha ya tatu.

Baadaye nilijaribu kuirahisisha zaidi, mashine itafute wimbi la sauti yenyewe. Ziko kadi zinazofanya hivyo. Draiva ya chipu za SAA7134, kwa mfano, inaweza kujaribu 5.5, 6 na 6.5 na kuchagua penye nguvu zaidi. Kwenye stesheni yenye mawimbi mazuri inafanya kazi. Kwenye Mombasa ya mbali yenye chenga ilikuwa inarukaruka, dakika hii inasema I, dakika inayofuata DK, na sauti inakatika kila mara. Kwa stesheni dhaifu naona bora mtu aseme mwenyewe.

Dar ilizima analojia Desemba 31, 2012, na huku kwetu nako ving'amuzi vikaingia. Wengi walidhani habari ya I na BG imezikwa. Bado kuna nyumba zenye TV za zamani ambazo hazina matundu ya AV ya kuingizia picha na sauti, na mwenye nyumba anaunganisha king'amuzi kwa waya wa antena. King'amuzi chenye tundu hilo la kutolea mawimbi kinatengeneza stesheni yake ndogo ndani, na stesheni hiyo nayo ina mfumo: BG, I au DK. Vingi nilivyovishika vimetoka kiwandani vikiwa BG. TV ambayo kichujio chake kilibadilishwa kuwa 6.0 miaka ya nyuma haitakisikia. Usimwache mteja anunue TV mpya kwa hilo. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, penye namba ya chaneli ya kutolea, weka I, uitafute upya chaneli kwenye TV.

Kadi za TV nazo zimepata kazi nyingine, kunakili kanda za harusi na za maulidi kabla ukungu haujazimaliza. Hapo unatumia tundu la video la kadi, tyuna haihusiki. Picha inakuja kwa waya wake na sauti kwa wake, kwa hiyo I au BG haina maana tena, PAL ya jumla inatosha. Isipokuwa kanda zilizotumwa na jamaa wa Kanada. Hizo zimerikodiwa kwa NTSC, mfumo wa kule Amerika, mistari 525, na deki nyingi za huku zikizipiga hutoa mchanganyiko wao wenyewe: mistari 525 lakini rangi za PAL. Ukiiacha kadi kwenye PAL picha inapanda na kushuka. Ukiiweka NTSC picha inatulia lakini bibi harusi anakuwa mweusi na mweupe, na mama yake aliyeleta kanda atakwambia deki yako mbovu. Weka PAL-60, ndilo jina la mchanganyiko huo.